Babu Kati ya Picha na Supu

Mimi Lidwina, mjane wa Mwalimu Osmund, nimekaa Matogoro miaka arobaini na mmoja. Nimeitwa mengi katika maisha yangu. Nimeitwa mama, nimeitwa mkorofi, kuna mwaka nimeitwa mchawi kwa sababu ya mahindi yangu kustawi. Lakini kuitwa mapumziko, hiyo ni mpya. Mwaka huu mkwe wangu Leonce alinifanya mapumziko.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana nikianza na hasira nitaanza na kaptula yake, na kaptula ina zamu yake.

Mwezi wa tano Pamela alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Pamela ndiye mtoto niliyebaki naye. Wawili wengine Mungu aliwachukua wangali wadogo. Akasema, "Mama, wikendi ya tarehe ishirini Julai tunakuja Songea. Mimi, Leonce na Careen. Wikendi nzima ya familia." Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa bila kuangalia kama ni gunia. Tangu tumzike baba yake, miaka miwili na nusu iliyopita, Pamela hakuwa amekanyaga Matogoro.

Na mazishi yenyewe hakuyawahi. Basi lao lilikufa njiani, tukangoja mpaka saa kumi na moja jioni, mawingu ya Januari yameshuka mpaka kwenye miti ya mlimani. Wanaume wakaniambia, "Mama Pamela, maji yakiingia mle ni aibu nyingine." Tukazika. Alipofika, watu walikuwa wanasuuza majembe. Sikumlaumu. Basi likikataa limekataa. Lakini watu wana midomo, na midomo ya Matogoro haina likizo.

Basi siku ile nilimwahidi Osmund kimoyomoyo. Sisi hapa, kaburi likishajengwa, msalaba unafunikwa kitambaa cheupe. Siku ya kubariki, mtoto wa marehemu anasimama mbele ya watu anakifunua, Padre anabariki, watu wanakwenda kula. Shughuli yenyewe haimalizi hata nusu saa. Nikamwambia Osmund, Pamela hakukutupia udongo, lakini msalaba wako ataufunua yeye, si mwingine.

Sasa mtoto mwenyewe anakutajia tarehe, mwenyewe, bila kuombwa. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri amechagua siku ya baba yake. Jioni ile ile nikaenda kwa Padre Polikarp. Akafungua daftari lake, akanipa Jumapili tarehe ishirini, baada ya Misa ya kwanza, saa mbili kamili asubuhi. Akasema, "Lakini Mama, saa mbili ni saa mbili. Saa tatu na nusu nina Misa kigangoni, na huko ni vumbi mwanzo mwisho." Nikasema hakuna shida. Nikamwambia Pamela kwa simu, saa mbili, akasema sawa Mama, sawa, huku nasikia anaongea na mtu mwingine.

Nikaitangazia jumuiya. Tena nilitangaza sana, sifichi. Nilisema, "Pamela mwenyewe ndiye kachagua tarehe." Kunegunda, mwenyekiti wetu wa jumuiya, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kufyeka shamba la ekari mbili, alinyamaza. Nilikwenda nyumbani na ukimya ule nikalala nao vizuri.

Ijumaa tarehe kumi na nane wakafika na gari lao. Wa kwanza kushuka ni Leonce, na hapa sasa ndipo kaptula inapoingia.

Jamani. Tuseme kaptula kwa sababu sina jina lingine. Kitu cheusi, cha kuvutika, kimembana mapaja mpaka unajua mfukoni mwake hamna hata shilingi. Na baridi ya Julai hapa mnaijua, sisi tulikuwa na masweta mawili mawili. Sasa mimi nimelelewa kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Yeye kavaa suruali, mimi nimejifunga kitenge, tunasalimiana, na kila mtu anatazama chini. Na Leonce si mtu wa kutoka mbali useme hajui. Mama yake mzazi ni Mmatengo wa Mbinga, mwanamke mwenye heshima zake. Lakini yule kaja mikono wazi, "Shikamoo Mama!", anataka kunikumbatia. Nikamjibu "marahaba" huku nimeinua macho juu kwenye bati. Kwa siku tatu zile bati langu nimelijua. Lina misumari miwili imelegea upande wa jikoni.

Careen, mjukuu wangu, ana miaka kumi na miwili. Yeye alipiga goti kidogo, "Shikamoo Bibi," akachukua begi akaingiza ndani bila kuambiwa. Nikasema moyoni, afadhali huyu.

Hatujakaa vizuri Leonce akafungua boksi. Akanipa fulana ya njano. Mgongoni imeandikwa FAMILIA MBIONI, na juu yake karatasi yenye namba na pini nne. Nikauliza, "Hii ya nini, baba?"

"Tumekusajili, Mama. Kilomita tano. Unatembea tu taratibu."

"Mimi nina goti."

"Goti linapenda kutembea, Mama."

Goti langu. Nimeishi nalo miaka sitini na nane, halijawahi kuniambia linapenda nini. Yeye kutoka Dar kaja analijua. Nikauliza tena, "Kusajiliwa kwenye nini?"

"Kwenye mbio za Jumapili! Pamela hakukwambia? Si ndiyo tumezifuata." Akacheka kwa furaha kabisa, mtu asiye na baya. "Yaani sisi siku hizi tunaunganisha, Mama. Kila penye mbio tunabeba familia. Unakimbia, unatembea, unapumzika, mtoto anaona nchi yake. Na safari hii tukaona, aa, Songea kuna mbio, na Mama yupo, na Babu naye. Tumeunganisha vyote."

Nikamtazama Pamela. Pamela alikuwa anahangaika na zipu ya begi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuchagua siku ya baba yake. Alichaguliwa siku na kamati ya mbio. Mimi na Osmund tulikuwa njiani tu, kama choo cha stendi.

Leonce hakuishia hapo. Alikuja na ratiba iliyochapwa kwa kompyuta, akaibandika ukutani kwangu, pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa gundi yake ya karatasi. Nilivaa miwani nikasoma. Ijumaa, kuwasili. Jumamosi, kuchukua namba, kupumzisha misuli, kulala mapema. Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, mbio. Halafu, picha za pamoja. Halafu, Babu. Halafu, supu. Babu! Hivyo hivyo, neno moja, halina hata Marehemu. Osmund, mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma, amewekwa kati ya picha na supu.

"Na saa mbili?" nikauliza.

Leonce akasema, "Padre si anaweza kusogeza kidogo, Mama? Tukasema saa tatu na nusu?"

Nikamwambia, "Padre si bodaboda." Nikaenda jikoni, maana ningebaki pale ningesema jambo ambalo mama mkwe hasemi.

Jumamosi nilichinja jogoo. Alikuwa jogoo mkubwa, aliyekuwa akiamsha watu mpaka Lizaboni, nimemtunza miezi minane kwa ajili ya mkwe. Nikapika, nikasonga ugali, nikatuma Careen akamkaribishe baba yake. Leonce akaja, safari hii kafunga taulo kiunoni juu ya kile kitu chake, nashukuru. Akatazama sufuria kwa huzuni.

"Mama, samahani sana. Leo ni siku ya wanga."

"Ugali ni wanga."

"Si wanga wa aina hii. Huu ni mzito." Akatoa begini pakiti ya tambi. Alitembea nayo kilomita karibu elfu moja, kupita Njombe yote na viazi vyake, mpaka jikoni kwangu. Akachemsha maji kwenye sufuria yangu, akala tambi nyeupe na chumvi, mbele ya jogoo. Nina umri huu, sijawahi kuona mkwe akimkataa jogoo wa mama mkwe. Kwa wazee wetu hapo tungeita kikao.

Jogoo aliliwa na mimi na Careen na Pamela. Pamela alikula shingo tu, akasema naye kesho ana mbio.

Mchana mimi na Careen tulikaa kwenye mkeka tunachambua mchele wa wageni wa Jumapili. Nikamwuliza, "Hizo wikendi zenu zikoje, mama?"

"Zinachosha, Bibi."

"Si mnatembea?"

"Moshi sikuuona mlima. Nilikuwa nalinda mabegi. Mwanza nikalinda mabegi karibu na ziwa, lakini ziwa lilikuwa nyuma ya turubai. Iringa nililinda mabegi nikalala, wakanigombeza." Alisema bila kulalamika, anatoa mawe kwenye mchele. "Halafu tunapiga picha. Baba anaandika, wikendi na familia. Watu wanaweka mioyo."

"Na kesho?"

"Kesho nitakwenda na wewe kwa Babu. Kilomita tano zangu wampe mtu mwingine." Nikaendelea kuchambua mchele, sikumwonyesha jinsi lile neno lilivyonigusa.

Saa kumi jumuiya wakaja kwa rozari. Nilikuwa nimesahau kuwaonya. Pale barazani Leonce alikuwa amelala chali kwenye mkeka wangu wa wageni, taulo limeshadondoka zamani, miguu ameiegemeza ukutani, anajiviringishia gogo la sponji mapajani huku anaguna. Wanawake kumi na mmoja wakasimama getini. Katekista wetu, mzee Athanasi, aligeuka akaanza kusoma mabango ya duka la jirani.

Kunegunda akanisogelea, akanisalimia kwa kilugha chetu, sauti ya chini, imejaa huruma. "Monile, dada. Pole sana. Kumbe una mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Anapumzisha misuli."

"Maskini. Alikuwa analima wapi?"

Nikawaingiza wote ndani. Tulisali sebuleni, mlango tumefunga, na kila Salamu Maria nasikia mguno kutoka barazani. Pamela alisali nasi. Alikaa katikati ya wenzangu, amejifunika kanga yangu, amesalimiana na kila mtu kwa mkono, amewashukuru kwa kumjali baba yake. Hilo mlishike. Kila mtu alimwona.

Walipoondoka nikamfuata jikoni. Nikafunga mlango.

"Pamela. Kesho saa mbili."

"Najua, Mama."

"Unajua nini? Baba yako alikutaja siku tatu pale wodini. Kila mlango ukilia anageuza kichwa. Hukuwahi, sawa. Kaburini hukuwahi, sawa. Kesho ukikosa, mimi nitasema nini kwa watu? Nitamwambia nini Osmund?"

Akalia kidogo. Alilia kweli, simsingizii. Akasema, "Mama, mimi nakimbia kilomita kumi tu. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu. Mpaka saa mbili kasorobo niko makaburini na nimeoga."

"Na zikichelewa?"

"Hizi hazichelewi, zinapimwa kwa kompyuta."

"Na zikichelewa, Pamela?"

"Njia yenyewe inapita pale pale chini ya makaburi. Nitatoka njiani nipande kwenu. Nakuapia Mama, hata niwe na namba kifuani. Nitatoka."

"Kwa nini usiache tu?"

Akapangusa pua. "Nimejiandaa miezi minne, Mama."

Nikaona niishie hapo. Ameapa. Mtoto akikuapia jikoni kwako, mbele ya moto, unamwamini, la sivyo utakwenda wapi?

Jumapili tulitoka kwenye Misa saa moja na nusu. Ukungu haujaondoka mlimani, tunatoa moshi mdomoni. Careen alikuwa kando yangu na sweta lake la shule. Tulipofika makaburini nikatazama barabara. Tupu. Hata mbwa hakuna. Kwa ratiba ya Leonce wakimbiaji walitakiwa wawe wamepita zamani.

Athanasi akatoa simu. Ana mjukuu aliyekuwa kule uwanjani. "Wameanza saa moja na robo," akasema. "Walikuwa wanamngoja mgeni rasmi. Alikuwa anakunywa chai."

Nilicheka peke yangu pale makaburini, Mungu anisamehe. Mbio zinazopimwa kwa kompyuta zimengoja kikombe cha chai.

Saa mbili kamili Padre Polikarp akavaa stola. Yeye ni mgeni parokiani, kaja baada ya Pasaka, hajawahi kumwona Pamela. Akasimama karibu na kaburi la Osmund, vigae vyeupe vinang'aa, msalaba umefunikwa, fundi kapindisha ncha za kitambaa vizuri. Akauliza, "Mama, tuanze? Mtoto wa marehemu yuko wapi?"

"Dakika kumi, Padre. Yuko njiani." Na wala sikusema uongo.

Padre akatazama saa. Pikipiki yake ilikuwa inamngoja pale chini. Watu wakaanza kupigapiga miguu kwa baridi. Kunegunda hakuniuliza kitu, na kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi kubwa.

Kisha wakaanza kupita. Kwanza vijana wembamba, kimya, wamepita kama hawana habari na sisi. Halafu wanaume wazima wanahema. Leonce hakuwemo, yeye alikuwa kwenye kilomita ishirini na moja, na baadaye tulisikia misuli ile iliyopumzishwa siku nzima ilimkatalia kilomita ya tisa, akamalizia kwenye gari la wagonjwa akiwa amekaa mbele na dereva. Halafu wakaanza kuja wanawake. Mmoja. Wa pili.

Na wa tatu nilimjua kabla sijaona uso. Anakimbia viwiko nje, vile vile baba yake alivyokuwa anawakimbiza watoro wa darasa la saba. Ameweka neno lake, nikajisemea. Mwanangu huyo. Osmund, huyo anakuja. Nilishaanza kujiweka kitenge sawa.

Alifika pale njia ndogo inapochepuka kupanda kwetu. Akainua kichwa, akatuona. Hili nalisema kwa hakika, kwa sababu macho yangu na yake yalikutana. Aliona Padre, aliona kitambaa cheupe, aliona watu arobaini wamesimama wanamngoja yeye. Akapunguza mwendo. Hatua moja, mbili.

Nyuma yake akatokea mwanamke wa fulana ya kijani, anakuja kwa kasi.

Pamela akamtazama yule. Akatutazama sisi. Kisha akanyoosha mkono juu akapaza sauti, makaburi yote yakasikia: "Mama! Niko wa tatu! Narudi sasa hivi!"

Akakata kona, akapotea.

Nilisikia nyayo zake zinakwenda, pa, pa, pa, na za yule wa kijani zinafuata. Jamani, siku ya kuzika niliumia, lakini siku ile mkosaji alikuwa basi. Hii ilikuwa tofauti. Mwili wangu wote ulikuwa unawaka kwa aibu, mpaka baridi nikaisahau.

Padre akasema taratibu, "Mama, yule dada anakuita wewe?"

"Hapana, Padre," nikasema. "Simjui."

Careen akanivuta kitenge. "Bibi, yule si ni—"

Nikambana mkono. Nilimbana sana, naungama. "Si yeye," nikasema.

Sasa nikangoja ulimi wa Kunegunda. Ilikuwa siku yake ile. Miezi miwili nimemringia na tarehe yangu. Angeweza kunimaliza kwa neno moja na angekuwa na haki. Akasogea mbele, akajifunga kanga vizuri.

"Si yeye, Padre," akasema. "Wanafanana tu. Mama yake anajipa moyo tu, Pamela wetu yuko Dar es Salaam, kazi zimembana. Amejitahidi kupata ruhusa, amekosa."

"Amekosa kabisa," akasema Athanasi, katekista, mtu wa kufundisha watoto Amri za Mungu.

Na watu wote wakatikisa vichwa. Wale wanawake kumi na mmoja waliosali na Pamela jana, waliomshika mkono, waliokunywa chai aliyoipika yeye, wote wakasema, ndiyo Padre, yuko mbali, maskini, atasikitika. Sikujua kama niwashukuru au niwachukie. Machozi yalinitoka, na Padre akadhani ni ya Osmund.

"Basi nani anafunua?" akauliza.

"Mjukuu yupo," nikasema.

Careen akapanda kwenye ukingo wa vigae. Kitambaa kilikuwa kimekaza, akahangaika nacho kidogo, mpaka Athanasi akamsaidia ncha moja. Kikaanguka. Jina la Osmund likatoka, na tarehe zake mbili. Padre akabariki, akanyunyiza maji, akatupa pole, akapanda pikipiki akashuka kuelekea kigangoni. Sisi tukabaki tunaimba, tunaweka maua.

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili tulipomwona anapanda njia ndogo. Anakimbia bado! Kaptula, fulana ya njano, namba kifuani, chumvi imemkauka usoni, na shingoni medali inapigapiga. Alikuwa anatabasamu kwa mbali, lile tabasamu la mtu anayejua amechelewa kidogo na atasamehewa.

"Nimekuwa wa nne," akasema akihema. "Yule wa kijani kanipita uwanjani kabisa. Padre yuko wapi?"

Wimbo ukaisha wenyewe. Kunegunda ndiye aliyemwendea, mikono yote miwili mbele, uso umejaa upendo.

"Pamela! Jamani, umefika! Pole, pole sana na safari, mwanetu. Barabara imekuwaje huko?"

Pamela akacheka. Alidhani ni utani. "Mama Kunegunda, si jana tu tulikuwa wote kwenye—"

"Jana? Jana tulisali rozari nyumbani kwa mama yako. Tukakuombea ufike salama."

"Mmelala wapi njiani?" akauliza Athanasi, kwa heshima zote.

"Na baridi hii, na nguo hizo," akasema mwingine. "Ndani ya basi mlifungua madirisha?"

Wakaja mmoja mmoja wakampa mkono. Pole na safari. Pole na safari, mama. Pole kwa kumkosa Padre, kaondoka sasa hivi. Kila mmoja anamtazama usoni, hakuna aliyetazama medali, hakuna aliyetazama namba. Pamela alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limekwama tu pale usoni, halina mwenyewe. Akanitazama mimi nimwokoe. Mimi nilitazama chini, na safari hii si kwa adabu.

Akamgeukia mwanawe. "Careen, waambie."

Careen alikuwa ameshika kile kitambaa cheupe, amekikunja mara nne. Alimsogelea mama yake, akapiga goti kidogo, sawasawa kabisa kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Mama," akasema. "Pole na safari."

Hapo Pamela akautazama msalaba. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliutazama. Akausoma, nikaona midomo yake inatamka jina la baba yake. Akaishika ile medali kwa ngumi, hakuivua, aliificha tu.

"Marahaba," akamjibu mwanawe. Kisha akatugeukia sisi wote. "Asanteni. Ndiyo kwanza nafika."

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Sisi tumeshamaliza."